Filamu Nzima Hamna Mtu

22 Februari

Mume wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nyumba haijambo, na paa bado linavuja pale pale ulipopaacha. Leo ni wiki ya tano tangu tumzike mtoto na wewe urudi kambini kwenye daraja lako. Nimeona niandike mimi kwanza, maana nikikusubiri wewe nitaota mvi. Dereva wa lori la vifaa amekubali kubeba barua zetu kila akipita.

Hospitali nilikwenda, kama ulivyoniachia maagizo. Yule mama mshauri ni mtu mzima, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake. Hakuniuliza mengi. Aliniambia, "Mama, kwenu kuna kamera?" Nikamjibu ipo, mume wangu aliinunua mtoto alipoanza darasa la pili. Akasema, "Basi kila siku toka nje upige picha moja. Moja tu. Piga kitu ambacho hakikutengenezwa na mkono wa mtu. Jani, wingu, mdudu, chochote. Filamu ikiisha, isafishe, umpelekee mtu unayempenda."

Nikamuuliza, "Hiyo ndiyo dawa?"

"Hiyo ni sababu ya kufungua mlango asubuhi," akasema.

Sijui kama inatibu. Ila nimepiga, ishirini na nne kwa siku ishirini na nne, ndizo hizi, na tarehe nimeandika nyuma. Ya kwanza ni giza tupu, niliziba na kidole. Ya tano ni wingu, lilikuwa zuri kuliko linavyoonekana. Ya kumi na moja ni sisimizi wanaburuta mguu wa panzi kwenye ukuta wa choo. Hiyo nilikaa nayo nusu saa nzima, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama nimeanguka.

Zile sare za shule nilizimaliza, na nashona kama kawaida. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Likizo yako lini? Si ulisema mwezi wa tatu?

Mkeo


6 Machi

Mama Kidoti, mke wangu mpenzi,

Barua imefika, inanuka dizeli lakini imefika. Picha nimezibandika zote ukutani juu ya kitanda. Humu kwenye kibanda chetu cha bati tunalala mafundi sita, na wote wamezikagua kama askari wa forodha. Mpishi wa kambi anakuja kila siku kuwaangalia wale sisimizi. Anasema, "Huyu wa nyuma havuti kitu, anasindikiza tu. Huyu ni fundi mkuu." Tulicheka mpaka fundi mkuu mwenyewe akaja kuuliza tunacheka nini.

Usione nafanya mzaha. Hapa hakuna hata jani. Walikwangua kila kitu kabla ya kuanza kuchimba, ni kokoto na chuma na vumbi. Siku nzima niko ndani ya kinyago cha kuchomelea, naona cheche tu. Jioni nikikivua, picha zako ndizo kitu cha kwanza ninachotazama.

Sasa sikiliza, nikufundishe kidogo. Jua liwe mgongoni kwako. Kitu kidogo usikisogelee sana, simama kama mita moja, kamera ile haioni karibu. Na kidole, mke wangu, kidole!

Likizo wamenikatalia. Msimamizi anasema hakuna mchomeleaji kuondoka mpaka nguzo ya tisa isimame. Ndiyo mambo ya kazi za watu.

Kula vizuri. Ulale.

Mumeo


19 Machi

Mume wangu,

Jambo moja nakuomba kabla ya salamu. Usiniite Mama Kidoti. Jina hilo ulilitoa wewe, kwa lile doa chini ya jicho la mtoto, nami nililipenda. Lakini nilipolisoma kwenye karatasi ilibidi nikae chini, na nilikuwa sokoni. Niite mke wangu. Ukishindwa, anza tu barua bila kuniita.

Filamu ya pili imekwisha. Fundi wa studio ananiona nimerukwa na akili. Alizimwaga picha mezani akazipanga moja moja, akasema, "Mama, filamu nzima hamna mtu! Hata mmoja? Unaniharibia karatasi." Nikamwambia watu wamenitosha.

Na kweli wamenitosha. Wanaingia bila hodi, wanakaa, wanahema, wanasema Mungu ndiye ajuaye. Mmoja alisema, "Wewe bado kijana, utapata mwingine," kama vile nimevunja sahani. Jirani wa kushoto anasema watoto wa siku hizi hawasikii, ukigeuka tu ameshatoroka. Kila mtu anasema alitoroka. Nami nanyamaza.

Vya nyumbani vimekwisha, nimepiga mpaka ukungu wa nyuma ya tangi. Kwa hiyo nimeanza kutembea. Nilishika ile njia ya nyuma ya tanuri la matofali. Unaijua. Ndiyo waliyomrudisha nayo mtoto kutoka bwawani, amefunikwa shuka la mlinzi. Tangu siku ile sikuwahi kuipita. Siku ya kwanza niliishia kwenye tanuri. Ya pili nikafika kwenye mti ulioanguka. Picha ya kumi na tisa nilifika kwenye matete, nikapiga, nikarudi mbio kama mwizi. Siku iliyofuata nikarudi tena pale pale. Nyuma ya matete utayaona maji, kipande kama kiganja.

Nashona vizuri. Nguzo ya tisa imefika wapi?

Mkeo


30 Machi

Mke wangu,

Nimekusikia. Nisamehe.

Hizi za safari hii zimenishinda maneno. Matete yale, na mwanga uliopita katikati yake! Nani kakufundisha? Mpishi ameomba moja apeleke jikoni, nikamnyima. Na ile yenye kipande cha maji ndiyo nzuri kuliko zote. Ni maji ya wapi sitaki kujua. Maji ni maji.

Nakushauri hivi: maji hayapigwi ukiwa umesimama. Chuchumaa, kamera iwe chini kabisa, karibu na uso wake, hapo ndipo yanaposhika mwanga. Sogea. Usiogope kulowa kidogo.

Naona mkono wako umetulia, hautikisiki tena. Nimefurahi. Mtu anayetikisika ndani hawezi kupiga picha kama hizi. Kumbe mama mshauri alijua alichokuwa anasema.

Nguzo bado. Likizo wamekataa tena. Tuvumilie.

Mumeo


12 Aprili

Mume wangu,

Nimefanya ulivyosema. Nimesogea.

Hizi zote ni maji, ishirini na nne. Fundi wa studio safari hii alinipa bahasha akaangalia pembeni. Usidhani zinafanana. Ya kwanza ni saa moja asubuhi, maji hayajaamka. Ya nane kulikuwa na upepo. Ya kumi na tano nilichuchumaa mpaka sketi ikalowa. Kuanzia ya ishirini sikuchuchumaa, nilivua viatu.

Kwa mshauri sikwenda mwezi huu. Watu wamepunguza kuja. Wanasema nimepoa. Wahenga walishasema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nani anasikiliza wahenga siku hizi?

Kuna utulivu pale ambao sijaupata mahali pengine. Nikiwa nyumbani nasikia kila kitu, hata saa ya jirani. Pale sisikii.

Mkeo


6 Mei

Mume wangu,

Hukujibu. Dereva anasema uko mzima, anakuona, unakula. Basi ni sawa.

Nakutumia filamu ya nne. Nyingi ni maji tena. Ila ya tarehe 28 Aprili nilipiga ua, la zambarau, limetambaa kwenye lango la nyuma la bwawa. Sijui jina lake. Lilikuwa limefunguka peke yake, mengine yote yamefumba. Nilidhani utalipenda.

Mkeo


14 Mei

Umeshinda.

Nimekaa na picha ya tarehe 28 siku mbili. Ua la zambarau. Ndiyo, ua. Lakini limetambaa juu ya nini? Ulidhani sitaijua nguzo ile ya lango? Mimi ni fundi chuma. Bawaba ya chini haipo. Na ule waya uliozungushwa mara tatu ukakunjwa kushoto ni kazi ya mkono wangu huu, hakuna fundi mwingine mjini anayekunja waya kushoto.

Kwa hiyo unajua. Kakwambia nani, mlinzi? Ungeniuliza. Ungenitukana mbele ya watu, ningeinamisha kichwa. Lakini kunitumia picha pole pole, matete, kipande cha maji, maji, maji, mpaka lango! Huko ni kumchinja mtu kwa kisu butu. Zile za maji nilizifunga kwenye gazeti nikaziweka chini ya godoro, ndiyo maana sikujibu.

Basi nitasema mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja msimamizi wa bwawa aliniita, lango la nyuma lilikuwa linaning'inia. Nikafungua bawaba ya chini, imepasuka. Nikamwambia naenda kuichomelea nyumbani, kesho asubuhi inarudi. Nikalifunga kwa waya. Kesho yake ndiyo siku lori la kambi lilipokuja kunichukua ghafla, hata chai sikuimaliza. Nikajiambia, nitaifanya nikirudi. Nao hawakufuatilia. Bawaba ninayo hapa, kwenye sanduku la vifaa, chini ya nyundo.

Lango lile ukilisukuma kwa chini linaacha nafasi. Mtu mzima hapiti. Siku ya pili ya msiba, mliponitafuta msinione, nilikuwa kule. Nilipima nafasi ile kwa mkono. Viganja viwili. Mtoto wa miaka minane anapita bila hata kuchafua gauni.

Na lingine. Likizo hawakunikatalia. Mwezi wa tatu msimamizi wa kambi alinipa karatasi ya ruhusa mkononi, nikamrudishia. Mwezi wa nne pia. Ningeingiaje nyumba ile nikutazame usoni, wakati kila mtu anakwambia mtoto alitoroka, na mimi najua alitorokea wapi?

Sina la kuomba.

Mumeo, kama bado


17 Mei

Mume wangu,

Nakuandikia bila kusubiri jibu lako, sioni kama lipo.

Leo nimefagia nyumba yote. Nguo za mtoto nimezifua, nimezikunja, ziko kwenye sanduku la bluu. Cherehani nimempa mdogo wangu, amekuja kuichukua na mkokoteni. Aliniuliza, "Dada, wewe utashonea nini?" Nikamwambia nitanunua nyingine. Funguo za kabati ziko mahali pake.

Nilikudanganya. Sare sikuzimaliza. Mwalimu mkuu alikuja kuzichukua zikiwa vipande, akasema pole, akaondoka. Sijashona hata kifungo tangu Januari.

Na hili jingine sijamwambia mtu yeyote. Mtoto hakutoroka.

Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, naweza kwenda kuona bata?" Nikasema, "Bata gani?" Akasema, "Wa bwawani, wametotoa. Wako sita." Nilikuwa na pini mdomoni na sketi kumi na mbili zimebaki. Nikamwambia, "Nenda, nenda, uniache nifanye kazi." Akaenda, halafu akarudi. Nikafoka, "Nini tena?" Akasema, "Viatu." Alirudi kuvaa viatu kwa sababu nilimkataza kutembea peku. Akakaa sakafuni anahangaika na kamba, nami nikawa nimekasirika kwamba bado yupo. Nilitamani aondoke. Hilo ndilo la mwisho nililomtakia mwanangu.

Watu waliposema alitoroka niliwaacha waseme. Hata wewe nilikuacha uamini.

Picha naendelea kupiga, sasa niko filamu ya tano. Nimegundua kwamba kadiri unavyoingia ndani ndivyo ukingo unavyopungua kwenye picha. Nataka nipate moja isiyo na ukingo kabisa. Ikipatikana, fundi wa studio ameahidi kukutumia mwenyewe.

Usinilaumu. Au nilaumu, ni haki yako.

Mkeo


30 Mei

Mke wangu,

Barua yako ya tarehe 17 niliipata tarehe 23, nikiwa juu ya jukwaa la nguzo. Zetu zilipishana njiani. Niliisoma nimesimama, nikashuka, nikavua kinyago, nikapanda lori lile lile lililoileta. Sikumuaga mtu.  Njiani dereva alisema, "Ningejua imebeba nini ningeendesha haraka zaidi."

Tulifika tarehe 25 mchana. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye nguzo ya umeme. Ulikuwa umekaa kibarazani, mdogo wako anakusuka. Uko hai. Nilishika ile nguzo. Nilikuona unageuza kichwa kidogo ili aufikie upande wa pili, na nikafahamu kwamba barua yangu imeshakufikia. Sijui nilifahamuje. Shingo yako ilikuwa si ile niliyoiacha.

Sikuvuka. Nilijiambia, ametoka majini, nikivuka barabara hii nitamrudisha. Hiyo ni kauli ya mwoga, najua. Lori likageuza, nami nikageuka nalo. Msimamizi hakunifukuza. Ningefurahi angenifukuza.

Kuhusu viatu. Nimesoma pale mara nyingi. Wewe ulimwambia nenda, kama mama yeyote mwenye kazi mkononi anavyosema mara kumi kwa siku. Mimi nilimwachia mlango wazi. Usinipokonye hilo, ni langu.

Mumeo


8 Juni

Mume wangu,

Nilikuona.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza. Alisema, "Dada, kuna mtu pale kwenye nguzo amesimama kama amesahau njia." Nikainua macho kidogo nikayashusha. Nikamwambia endelea kusuka. Sikukuita. Ungevuka barabara sijui ningefanya nini, huenda ningekupiga na kitana. Lakini ulipopanda lori nilimwambia aache, nikaingia ndani na kichwa kimesukwa nusu, nikabaki hivyo siku tatu.

Sasa nikwambie ya tarehe 21, uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Asubuhi nilikuwa natoka na kamera, dereva akanikuta mlangoni, akanipa barua yako, nami nikampa ile yangu ya tarehe 17. Niliitia mfukoni. Sikuwa na haja nayo. Nilifika, nikaingia. Maji yalipofika kiunoni nikahisi karatasi inalowa pajani. Nikajiambia, si adabu kufa na barua ya mtu hujaifungua. Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno. Nikatoka, nikakaa ukingoni, nikaifungua taratibu isichanike.

Nilipofika kwenye viganja viwili niliinuka. Nilikutukana matusi ambayo sikujua ninayajua, nikiyaelekeza kule liliko daraja lako. Mlinzi alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. "Mama, una nini?" Nikamwambia, "Nina mume!" Maskini, hakujua aniambie pole au hongera. Akanivika koti lake, akanirudisha nyumbani kwa ile njia, hatua kwa hatua.

Kwa hiyo elewa vizuri. Hasira ndiyo iliyonitoa majini. Huruma ilikuwa haipo, na upendo sikuukumbuka. Nilitaka niishi nikuone nikufanyie kitu kibaya.

Na picha ya ua. Mimi sikujua chochote. Niliona rangi, nikapiga rangi. Nguzo, bawaba, waya, hayo uliyaona wewe. Ungenyamaza, nisingejua mpaka kesho. Wakati mwingine nalala nikikulaani kwa kunyamaza miezi sita, naamka nikikulaani kwa kusema.

Kwa mama mshauri nilipelekwa siku ile ile, mdogo wangu kanishika mkono kama kipofu. Nilimwambia, "Picha zako zimenipeleka bwawani." Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Ungekwenda hata bila kamera, mama. Nilidhani utachelewa njiani. Nilikosea kukuacha peke yako, hilo ni kosa langu." Basi sasa tuko watatu wenye makosa. Sijapiga picha nyingine, na hajanitaka nipige. Nakwenda kwake kila Jumatatu na mdogo wangu halali kwake, analala hapa, anakoroma kama kinu.

Umesema nisikupokonye. Sikupokonyi. Lakini na wewe usinipunguzie la kwangu kwa maneno ya "mama yeyote". Sikuwa mama yeyote. Nilikuwa mama yake.

Njoo. Ubishe hodi kama mgeni. Sikuahidi kufungua. Ila kusimama kwenye nguzo ya umeme kama paka aliyefukuzwa, hilo sitaki tena.

Mkeo


2 Julai
Mezani, jikoni

Mume wangu,

Barua hii haina dereva. Umelala chumba cha nyuma na nasikia kitanda kinavyolia ukigeuka. Ni siku ya tisa tangu uache kazi na kubisha hodi, nami nikafungua. Katika siku tisa tumesemezana: maji ya kuoga yapo, asante, umeona ufunguo, upo juu ya kabati. Mdogo wangu alirudi kwake juzi, na alipoondoka alituangalia kama mtu anayeacha jiko likiwaka. Mdomo wangu ukikuona unafunga. Kalamu haifungi, kwa hiyo naandika, ukuta mmoja kutoka ulipo.

Sijakusamehe. Nimejaribu kama mtu anavyojaribu kiatu, hakiingii. Mwenyewe pia sijajisamehe, na huko sijaribu kabisa. Nasikia unavyolia ukioga. Unafungulia bomba ili nisisikie, na tangi letu ni dogo, unalimaliza. Lia bila maji.

Kilichonifanya niandike ni jana. Yule mama mgeni wa mtaani, aliyeleta kitambaa cha mapazia akidhani bado nashona. Mtu mwema, hajui lolote letu. Alikaa, akaangalia huku na huku, akauliza kwa uzuri tu, "Mmejaliwa watoto wangapi?"

Mimi nikasema, "Hatuna."

Wewe ukasema, "Mmoja."

Tulisema pamoja, wakati ule ule. Yule mama akatutazama, mara wewe, mara mimi, akachukua kitambaa chake akaaga. Nawe ukaenda chumbani ukafunga mlango, nami nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Nimekesha na hilo. Sikumkana mwanangu. Nataka ujue hivyo. Ila nikisema "mmoja", swali linalofuata ni "yuko wapi?", na jibu lake limo kinywani mwangu na limo ndani ya sanduku lako la vifaa. Nikisema "hatuna", mambo yanaishia pale. Naona ni uongo. Naona pia kwamba ndiyo kweli. Wewe ulipata wapi nguvu za kusema vile? Niambie, maana wataendelea kuuliza. Watu hawachoki kuuliza.

Natoka, leo ni Jumatatu. Chai iko kwenye chupa.

Mkeo


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mke wangu,

Nimeisoma mara tatu na chai imepoa.

Sikuwa na nguvu. Lilinitoka. Nilipofunga mlango ilikuwa kwa aibu, nilidhani nimekuumbua mbele ya mgeni.

Mmoja. Nitajibu hivyo mpaka nife, na wakiuliza yuko wapi nitawaambia, na wakiuliza ilikuwaje nitawaambia la kwangu. La kwako sitalitaja. Wewe jibu unavyoweza siku hiyo. Ukisema hatuna, sitakusahihisha mbele ya watu.

Nimetoka kukufuata hospitali. Nitakaa nje kwenye benchi. Usipotaka turudi pamoja, tangulia, mimi nitakuja nyuma.

Mumeo